Wageni wa Unguja wanataka kutembezwa Dodoma mjini kwa miguu, nianzie wapi?

Binti wa Chang'ombe
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, na waliokuja kucheka tu wacheke kwa zamu.

Shemeji zangu kutoka Unguja wanakuja harusini. Ijumaa wanashuka na SGR, Jumamosi asubuhi wako huru, na wamesema wanataka kutembea mjini kwa miguu waone majengo na sanaa ya huku. Hawa ni watu wa Shangani, Mji Mkongwe. Mmoja anafundisha sanaa, mwingine ni fundi wa kuchonga milango. Kwao kila kichochoro kina la kuonyesha. Mimi nimekulia Dodoma hapa hapa, lakini ukiniuliza nitakutajia Bunge na Nyerere Square, halafu kimya. Wanakuja na mama yao mwenye magoti mabovu, kwa hiyo isizidi masaa matatu. Nipite wapi? Na kuna mtu wa kututembeza anayejua anachosema?

Kapuku Msomi
Wapeleke Jamatini wakaone bajaji zinavyogombea abiria. Dodoma na historia wapi na wapi? Mji wenyewe umeanza kuota maghorofa juzi, serikali ilipohamia.

Mzee wa Reli
Kapuku, waliohamia juzi ni watumishi. Mji waliukuta.

Binti, anzia stesheni ya zamani, siyo ile mpya. Wajerumani walianza kutandika Reli ya Kati kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, na Dodoma ikakua kwa sababu ya reli hiyo. Wageni wako watakuwa wametoka kwenye SGR, basi waambie waangalie upana wa njia: ya Mjerumani ni milimita 1,000, ya sasa ni 1,435. Halafu waingie Dodoma Hotel, jirani tu, ndiyo iliyokuwa hoteli ya reli. Msiishie mapokezi, nendeni hadi kwenye ua wa ndani wenye maua. Watu wa Unguja wanaelewa nyumba yenye ua katikati, hapo hutahitaji maelezo. Mama apumzike, anywe chai.

Nakuomba kitu kimoja: usiwaanzishie ile hadithi ya tembo aliyezama, eti ndiyo asili ya jina Dodoma. Wataisikia kwa dereva wa bajaji bure.

Fundi Ramani
Nakubaliana na Mzee, ila naongeza. Mkiilinganisha Dodoma na Mji Mkongwe kwa umri, mtashindwa kabla hamjafika Nyerere Square. Kule nyumba imezaa nyumba mpaka vichochoro vikajitengeneza. Huku mji umechorwa kwanza, ukajengwa baadaye, tena kwa kusuasua. TANU iliamua mwaka 1973 makao makuu yahamie hapa, CDA, mamlaka ya kuujenga mji huu, ikaundwa mwaka huohuo, na mpango kabambe wa 1976 ukaandaliwa na kampuni ya Toronto, Canada. Ile michoro haikutaka mji wa majumba ya kutishia watu wala mabarabara ya gwaride. Ilitaka mji unaofuata vilima na miti, ambao mwenye miguu, mwenye baiskeli na basi wanatangulizwa mbele ya gari dogo.

Kwa hiyo kutembea kwenu kwa miguu ndiko kulikokuwa kwenye mpango. Simameni Nyerere Square, pale kwenye sanamu ya Mwalimu, waulize shemeji zako: imetimia? Tazameni vivuli, njia za waenda kwa miguu, mahali mtu anapoweza kukaa bila kununua kitu. CDA yenyewe ilivunjwa 2017. Mimi jibu langu ni nusu kwa nusu, na nusu iliyotimia ni ya miti.

Mama Kwaya
Mbona mmesahau makanisa? Katikati ya mji Waanglikana na Walutheri wametazamana. Lile la Kianglikana lina kuba, mgeni akiliona kwa mbali anadhani msikiti. Kisha mpeleke huyo fundi wa milango Kanisa Kuu la Katoliki, la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, upande wa magharibi. Mtakatifu huyo ndiye mwanzilishi wa shirika la kitawa la Wapasionisti, ambao mapadre wao wamefanya kazi sana huku kwetu. Kuna picha za vijiwe vya rangi vilivyopangwa kimoja kimoja, na milango mikubwa ya mbao iliyochongwa. Hapo fundi mwachie nafasi, asisukumwe. Jumamosi ina ndoa, kwa hiyo fikeni mapema.

Na Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa 2010, msiuache. Ulizeni kwanza mlangoni, msiingie tu. Kwa umbali huo mama apande bajaji, hakuna aibu.

Mgogo Halisi
Bunge mtalipita, ila simu ziwe mifukoni, walinzi hawana mchezo na picha. Ukumbi ule wa 2006 wanasema umefuata umbo la msonge, ile nyumba ya duara. Sawa, unapendeza. Lakini Mgogo hakujenga msonge, alijenga tembe! Nyumba ya pembe nne, fupi, kuta za miti na udongo, paa bapa lililoshindiliwa udongo, mifugo inalala uani. Paa la hivyo linafaa kwenye nchi ya mvua haba na jua kali kama hii, na ndani kunakuwa na ubaridi. Makao makuu yako Ugogo na hakuna aliyefikiria tembe. Nimemaliza, endeleeni.

Mtu wa Kolo
Sanaa ya Dodoma iko Kondoa jamani. Michoro ya miambani ya Kolo iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006. Ile myekundu ndiyo ya kale, ya wawindaji, wanyama na watu warefu wembamba. Myeupe ilikuja baadaye. Lami mpaka Kolo, mnalipia ofisini pale na mnapewa mwongozaji. Ila kuna kupanda mlima, na msimwagie maji michoro ili ing'ae kwenye picha, maji yanaiua.

Binti wa Chang'ombe
Asanteni sana. Kolo na magoti ya mama haviendi, watarudi wakati mwingine. Nimepanga: stesheni, hoteli, Nyerere Square, makanisa mawili, halafu bajaji hadi Katoliki. Msikiti tukiwa na nguvu. Mwongozaji je?

Fundi Ramani
Jaribu kuuliza Chuo cha Mipango pale Miyuji, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho atawaeleza ramani vizuri, mpeni nauli na chakula. Akitaka kuifanya biashara ndipo aanze kufuatilia leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii.

Kapuku Msomi
Na mimi naweza kuja? Nauliza tu.

Binti wa Chang'ombe
Saa moja kamili asubuhi, stesheni ya zamani. Beba maji yako.

Mama Kwaya
Na usije na kaptula, Kapuku. Kuna makanisa.