Binti wa miaka 15 hakeshi ila na simu. Tumnyang'anye?

MamaNkuhungu: Habari zenu wadau. Binti yuko kidato cha pili, shule ya kutwa hapa Dodoma. Usiku kucha TikTok na Instagram, asubuhi haamki, hasira za ghafla, chakula anakula peke yake chumbani. Baba yake anataka kuivunja simu. Tuanzie wapi?

Mshauri_Ipagala: Dada, msiivunje. Ataazima ya rafiki au atafute laini ya siri, na hapo hamtajua tena anakutana na nini. Anzeni na usingizi: umri wake unahitaji saa 8 hadi 10. Kama anaamka saa 11 alfajiri kuwahi daladala, saa 3 usiku awe amelala. Kwa hiyo saa 2 na nusu simu na chaja viingie chumbani kwenu, na zenu zikae hapohapo, la sivyo sheria haimalizi wiki. Mnunulieni saa ya kengele, maana "naitumia kama alamu" ndicho kisingizio cha kwanza. Angalieni na bando: vifurushi vya usiku ni nafuu, watoto wanakesha wakisubiri saa 6 ifike. Mwekeeni la mchana.

FundiSimu_Majengo: Kagueni mwaka wa kuzaliwa kwenye akaunti zake. Wengi huandika wana miaka 20, basi kinga za walio chini ya 18 haziwashwi kabisa: kikomo cha dakika 60 cha TikTok, na Instagram kunyamazisha arifa saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi. Cha TikTok anaweza kukiruka kwa nywila. Unganisheni akaunti yake na ya mzazi kwa Family Pairing ya TikTok, nywila ibaki kwa mzazi.

Nesi_AfyaYaAkili: Kinachonishtua mimi ni huko kujitenga. Muulizeni kama kuna anayemtukana au kumtishia kwa picha. Kama yupo, msilipe na msifute chochote: pigeni picha za skrini kwanza, ndipo mmzuie (block) huyo mtu, kisha pigeni 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto. Huzuni ikidumu karibu kila siku kwa wiki 2, mpelekeni Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapo Dodoma, au hospitali yoyote ya karibu. Akitaja kufa au kujiumiza, ni siku hiyohiyo. Asiachwe peke yake, na dawa na sumu ya panya viondolewe nyumbani. Muulizeni waziwazi, kuuliza hakumpandikizii wazo.

MamaNkuhungu: Asanteni sana. Aulize nani, mimi au baba yake?

Nesi_AfyaYaAkili: Yule anayemzoea zaidi, hata shangazi. Iwe mkichambua mboga pamoja, si kwa kumkalisha kitako sebuleni. Na akisema, simu isichukuliwe kama adhabu ya kusema.