Dola 30,000: Mustang kupe ya 67, Chevelle ya kufufua au 5.0 ya 89?

Kipepeo_Dallas
Wakuu, habari za leo. Natafuta gari la kale la Kimarekani. Bajeti yangu ni dola 30,000, kila kitu humo humo, niko Texas. Nimebakiwa na tatu:
1. Ford Mustang kupe ya 1967, V8 289 (silinda nane, inchi za ujazo 289), imeshapakwa rangi na inatembea.
2. Chevrolet Chevelle ya 1970, muuzaji anasema ni SS (Super Sport, ile ya kimichezo). Injini iko nje, bodi ina kutu, anataka 17,000.
3. Mustang 5.0 (injini ya lita tano) ya 1989, gia za mkono, haijachezewa.
Camaro ya 69 na Mustang fastback (ile ya paa linaloteremka hadi nyuma) nimeshazikatia tamaa, bei zake hazishikiki. Mimi moyo uko kwa Chevelle, naona ndiyo ya kuacha faida. Nipeni ukweli.

Mzee_wa_Karakana
Chevelle achana nayo. Bei za V8 za kale zilipaa 2021 na 2022, baadaye zikapoa. Kilichokataa kushuka ni ufundi na rangi. Ndiyo maana gari nyingi zilizokamilika leo zinauzwa chini ya pesa zilizozama ndani yake, na hasara hiyo inambaki aliyeijenga, si wewe unayeikuta.

Piga hesabu. Bodi iliyooza sakafu, buti na paneli za ubavuni nyuma inaweza kula saa 600 kabla haijafika kwenye praima. Kwa dola 90 kwa saa ni 54,000. Hapo injini, kromu na viti bado. Paneli si tatizo, karibu kila kipande cha Chevelle kinatengenezwa upya. Kazi iko kwenye kuzipanga. Paneli ya ubavu ikichomelewa milimita 5 nje ya mstari, kifuniko cha buti kinakaa upande na mlango unagoma, kisha fundi anasawazisha kwa puti ya kujazia. Puti nene hupasuka au hubanduka baada ya misimu miwili ya joto na baridi, na rangi ya dola 12,000 inaondoka nayo.

Namba_Kwanza
Na hiyo SS iwekee alama ya kuuliza. Kuanzia 1966 hadi 1968 namba ya chesisi ya SS 396 (yenye injini ya inchi za ujazo 396) huanza na 138, unaijua papo hapo. Kuanzia 1969 SS ikawa kifurushi cha nyongeza tu. Ya 1970 inayoanza na 13637 inakwambia ni Malibu, yaani Chevelle isiyo lazima kuwa SS, ya milango miwili yenye V8, basi. Nembo, boneti, dashibodi, vyote vinanunuliwa dukani.

Kinachothibitisha ni karatasi ya kiwandani, ile iliyofuatana na gari wakati likiunganishwa. Mara nyingi hukutwa juu ya tangi la mafuta au imejibanza kwenye springi za viti. Karatasi hiyo hana? Basi lipia Malibu.

Injini nayo ukague. Mbele ya silinda hedi ya kulia kuna bapa dogo lililopigwa sehemu ya namba ya chesisi. Kiwanda kiliacha mistari midogo iliyonyooka kwenye bapa hilo, ikienda mbele na nyuma. Ukikuta bapa ni laini kama kioo au mikwaruzo inazunguka, bloku imesagwa, na namba inaweza kuwa imepigwa jana.

Turbo_Temeke
Mzee shikamoo, lakini hapo kwenye kuachana na Chevelle nakupinga kidogo. Malibu iliyovalishwa nguo za SS na kuuzwa kama Malibu ni gari tamu kuliko zote za kuendesha, maana huogopi kubadilisha breki za dramu ziwe za diski wala kuweka giaboksi ya spidi tano. Mwenye SS halisi hata boliti anaogopa kuigusa.

Mzee_wa_Karakana
Marahaba. Sikatai, ila itafute iliyokwisha kukamilika. Hii iko vipande vipande.

Fundi_Bodi_Kilindini
Turudi kwa Mustang ya 67. Soma herufi iliyo nafasi ya tano katika namba ya chesisi, kwenye chuma cha ndani cha fenda upande wa dereva. C ni 289 ya kabureta ya matundu mawili, A ni ya matundu manne, K ni ile yenye nguvu ambayo hutaipata kwa pesa hizi. Ukikuta T, gari lilizaliwa na silinda sita. Angalia na nati za magurudumu: silinda sita ilitoka na nne, V8 na tano. V8 iliyowekwa juu ya hubu za nati nne na difu ya silinda sita ni shida ya breki na ekseli inayokusubiri. Kwa Ford za kuanzia 1967 unaweza pia kuagiza ripoti ya Marti, inatoa data za kiwanda kwa gari hilo hasa.

Halafu kipimo cha maji, usikiruke. Chini ya grili iliyo mbele ya kioo cha mbele kuna sanduku la kupitishia hewa. Majani hujaa humo, maji yanatuama, chuma kinaoza kutoka ndani ambako huoni. Inua kapeti pande zote mbili, mimina ndoo ya lita 10 polepole juu ya grili, subiri dakika tano. Maji yatoke chini ya gari, nyuma ya magurudumu ya mbele. Yakidondoka miguuni pa dereva au abiria, sanduku limetoboka. Kulitengeneza ni kufungua fenda zote mbili na boneti, kisha kutoboa pointi za kuchomelea moja moja. Rangi mpya haikuambii lolote juu ya hili. Wengi hupaka kwanza, wanauza haraka.

Ukiwa chini, gonga reli za mbele kwa bisibisi na uangalie nyufa kwenye minara ya shokabsoba.

5.0_Pekee
Mbona hakuna anayeitetea ya 89? Nguvu farasi 225, sindano za mafuta badala ya kabureta, asubuhi ya baridi unawasha unaondoka. Mwaka 1989 ndipo zote zilipopata kipimo cha hewa kwenye bomba la kuingizia, kwa hiyo ukibadilisha kamshafti (shafti inayofungua vali) kompyuta inavumilia, tofauti na nyingi za 1988 kurudi nyuma.

Ubovu wake unajulikana. Injini inazimika ikipata moto na kuwaka tena ikipoa: anza na moduli ya kuwashia iliyo kwenye distributa. Harufu tamu na ukungu kwenye kioo: radieta ndogo ya hita, na hiyo inataka dashibodi yote itoke. Chini, pale mikono ya ekseli ya nyuma inaposhika bodi, chuma huchanika kama gari lilikuwa la mashindano. Giaboksi yake ya spidi tano, T-5, nayo haipendi nguvu za ziada.

Mwinyi_Muscat
Ongezeni hili: gari la jangwani, Arizona au huku Ghuba, chuma huwa kizima lakini jua limekula mipira ya milango, dashibodi na nyaya. Hivyo ni nafuu kuliko kutu. Radieta na feni visafishwe kwanza, foleni ndiyo inayozichemsha.

Kipepeo_Dallas
Asanteni sana. Na siku nikitaka kuipeleka Mombasa?

Namba_Kwanza
Sahau. Kenya gari lililotumika lisizidi miaka 8, na usukani wa kushoto kwa kawaida hausajiliwi.
Ukinunua mnadani, weka pembeni ada ya mnada ya asilimia 10: kwa 30,000 usinyanyue mkono kupita 27,200, kabla ya kodi. Ukinunua kwa mtu, bakiza 4,000 za mwaka wa kwanza. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2314 ni wiki ya 23 ya 2014, hilo halifai hata kama kashata zimejaa. Na 289 ikiwa na kamshafti yake ya asili, tumia oili yenye zinki ya kutosha. Oili nyingi za gari za kisasa zimepunguziwa, kamshafti inalika.

Kipepeo_Dallas
Sawa. Jumamosi naenda kuona ya 67 na ndoo, pamoja na sumaku ya kutafuta puti chini ya rangi.

Fundi_Bodi_Kilindini
Sumaku ifunge kitambaa, usije ukakwaruza rangi ya mtu. Anzia chini ya fenda, nyuma ya gurudumu.