Naomba ushauri: mgombea anatuhumiwa, wazee wanasema tumwache

Habari zenu wakuu. Kwenye kata yetu mtu anayetaka udiwani anatuhumiwa kula fedha za ujenzi wa zahanati. Hajashtakiwa popote. Nikiuliza kikaoni, wazee wananijibu: "Mwanangu, nani hajala? Huyu angalau anatuzika." Na kweli, hakosi msibani.

Wananitolea mfano wa Edward Lowassa. Februari 2008 alijiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond (ile kampuni iliyopewa mkataba tata wa umeme wa dharura), huku akisisitiza hana hatia. CHADEMA, chama cha upinzani waliokuwa wakimwita fisadi, wakamsimamisha kugombea urais 2015 na akapata kura zaidi ya milioni 6. Hakuwahi kutiwa hatiani, hilo nalikubali kabisa. Kinachoniuma ni kwamba siku hizi hata kuuliza tu kunaonekana chuki.

Sitaki kumhukumu mtu kwa uvumi. Nataka ajibu mbele ya wananchi, basi. Nianzie wapi: TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa), au kwanza niombe taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji? Na waliowahi kufanya hivi, mliongeaje na wazee bila kuonekana mmetumwa?