Arduino inaganda kila baada ya masaa, stringi ndo tatizo?

fundi_ngamiani
Wakuu salama? Nimefunga Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kwenye bodi moja) kwenye tenki la maji hapa home Tanga, inapima kina inatuma meseji kwa simu, sasa ikikaa masaa kadhaa inaganda mpaka niizime niwashe tena. Meseji naziunga kwa String (aina ya maandishi kwenye kodi) na alama ya +. Nikaweka try na catch (za kunasa makosa) ikagoma hata kukompaili 😩

kodi_raskazone
Kaka hiyo Uno ina ramu KB 2 tu na hakuna wa kukufagilia takataka (kumbukumbu isiyotumika tena) kama kwenye lugha ya Java. Kila + inaomba kipande kipya kwenye hipu (sehemu ya ramu inayoombwa kodi ikiwa inakimbia), kikiachwa kinabaki pengo, mwisho kumbukumbu inakua mashimo mashimo kama barabara ya mtaani baada ya masika, nafasi ipo ila imekatikakatika. Weka bafa moja tu (nafasi ya herufi ya ukubwa usiobadilika), uijaze kwa snprintf:

`char ujumbe[64];`
`int n = snprintf(ujumbe, sizeof(ujumbe), "Kina: %d sm", kina);`

dada_saketi
Na hiyo n uiangalie jamani, ikiwa 64 au zaidi meseji imekatwa. Try/catch sahau, Arduino inakompaili eksepsheni (makosa yanayorushwa ili catch iyanase) zikiwa zimezimwa. Fanksheni irudishe namba ya kosa, 0 poa, -1 sensa haijajibu.

fundi_ngamiani
Asante dada, haijaganda tangu jana. Ila desimali inaniandikia ? badala ya namba

kodi_raskazone
%f (alama ya desimali) haipo kwenye snprintf ya Uno kwa kawaida. Tumia dtostrf (fanksheni ya kugeuza desimali kuwa maandishi), au pima kwa milimita uachane na desimali, mi ndo nafanyaga hivyo