Tupeane uzoefu: Ulipomwachia Mungu mpango wako, ilikuwaje?

Mwanzisha mada, Masasi

Bwana asifiwe, na kwa ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Naanza mimi. Kwa miaka mingi nilisali kama mtu anayepeleka barua kwa mtendaji wa kijiji apate kugongewa muhuri: mpango nimekwisha kuupanga, kilichobaki ni Mungu kuuidhinisha. Msimu mmoja niliamua kwamba fedha ya korosho ingenipatia kiwanja Dar es Salaam na kuihamisha familia yote. Shamba nililipalilia, salfa, dawa ya unga ya mikorosho, nikapuliza kwa wakati, nikasali hadi magoti yakachubuka. Mikorosho ilipochanua, ukungu wa asubuhi ulikaa siku nyingi, na ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, ukayakausha maua karibu yote. Nilinuna. Kwa miezi miwili sikukanyaga hata jumuiya.

Katika kununa huko ndipo nilipotambua kwamba kila siku nilikuwa nikisema katika Baba Yetu, "Mapenzi yako yatimizwe", huku moyoni nikimaanisha yangu. Siku hizi naueleza mpango wote mbele za Mungu, hata kiasi cha fedha nakitaja, kisha nanyamaza kitambo. Sijahama Masasi, wala sisemi kwamba kubaki kulikuwa bora. Nasema tu kwamba sinuni tena. Naomba mchangie, ila tusiandikiane mahubiri.

Mchangiaji, Ndanda

Mama yangu aliugua saratani, nami nilimwomba Mungu amponye kwa maneno ambayo sasa naona yalikuwa amri. Siku tatu kabla hajafariki, aliniambia, "Mwanangu, acha kumng'ang'ania Mungu, nishike mkono." Tangu usiku ule sikuomba tena apone; niliomba nisisinzie, ili akiniita niitike. Ombi hilo nilijibiwa.

Kilichoniumiza ni wale walionifariji kwa kusema "ni mapenzi ya Mungu" kabla hata matanga hayajaanuliwa. Maneno hayo mama angeweza kuyasema, kwa kuwa kikombe kilikuwa chake. Mtu aliyepita kutoa rambirambi na kuondoka hakupaswa kunisemea.

Kijana, Mtwara

Gesi ya Mnazi Bay, huku kwetu Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982, kwa hiyo mimi nimezaliwa nikiisikia. Nilisomea uchomeleaji nikiamini kwamba ajira inanisubiri, nikafunga na kuomba siku saba. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015, na ajira sikuipata. Leo natengeneza mageti na madirisha. Kama hayo ni mapenzi ya Mungu au ni mapenzi ya soko, sijapata jibu, lakini kumwachia Mungu hakukunizuia kuendelea kutuma maombi ya kazi. Majirani zangu Waislamu husema "inshallah" hata wanapoahidi kuja kuchukua geti Jumamosi, nami ndiko nilikoikumbuka Yakobo 4:15, inayotuagiza tuseme "Bwana akipenda", agizo ambalo sisi wenyewe tumelisahau.

Katekista, Newala

Kijana, umesema vema, kwa sababu mkorosho usiopulizwa salfa hauponi eti mwenye nao amesema "Mungu akipenda". Wapo wanaouita uvivu wao kwa jina la Bwana, na huku kwetu tunawafahamu.

Dada wa Ndanda, usijilaumu kwa zile amri. Mathayo 26:44 yasema kwamba Bwana wetu pale Gethsemane aliomba mara ya tatu, akisema maneno yale yale. Aliomba kikombe kiondolewe, akaongeza "si mapenzi yangu", kisha akarudi kuomba tena, naye ndiye Mwana.

Mimi nina ombi moja kuhusu mwanangu wa kwanza, ambaye hajarudi nyumbani tangu Kwaresima. Kila usiku namkabidhi Mungu jambo hilo kwa moyo wote, na kila asubuhi, kabla sijafika shambani, nimekwisha kulichukua tena.