Kengele ya moshi kwa nyumba ya mawe yenye makuti juu: ninunue ipi?

MamaLangoni
Assalaam alaykum. Niko Langoni, Lamu. Nyumba yetu chini ni mawe na boriti, juu tumeezeka makuti, na huko juu ndiko alalako mamangu. Ana miaka 78, masikio yamepungua. Juzi usiku nilifukiza udi nikapitiwa na usingizi. Kaa likaruka kwenye chetezo, likaangukia mto wa sufi. Haukuwaka, ulifuka tu, na asubuhi ulikuwa na tundu kubwa kama kisahani cha chai. Aliyeniamsha ni mwanangu aliyetoka kwenda chooni. Moshi wenyewe haukuniamsha kabisa! Tangu siku hiyo silali. Gari la zimamoto haliwezi kuingia vichochoro hivi, twategemea ndoo na majirani. Dukani nimeonyeshwa aina mbili, ya shilingi 700 na ya 2,300. Tofauti ni nini? Na udi hautailiza bure?

FundiTaa_Mkomani
Waalaykum salaam dada, pole sana. Igeuze usome mgongoni. Ikiandikwa Am-241, yaani ina chembe ndogo ya mionzi ndani, ni ile iitwayo ya ayoni: huwahi moto wa ndimi, lakini jikoni hupiga kelele kwa kila samaki anayekaangwa. Wewe chukua ya mwanga, pakitini huandikwa "photoelectric". Hiyo hunasa mapema moshi wa kitu kinachofuka, kama huo mto wako. Tafuta na alama ya EN 14604, kiwango cha Ulaya. Isiyo na alama yoyote, hata wakikupa kwa mia mbili, iache. Angalia na tarehe pia, maana kifaa chenyewe hubadilishwa baada ya miaka 10 hata kama bado chalia.

BiShela
Mimi ninazo tatu, nyumba yangu yalaza wageni. Udi huiliza, mwanangu, usidanganywe. Fukiza karibu na dirisha, chetezo mbali na kengele, na usije ukatoa betri "kidogo tu". Mimi nilitoa, ikakaa kabatini miezi miwili. Chini ya makuti adui ni vumbi na wadudu. Kila Ijumaa asubuhi naipangusa kwa brashi ya rangi, kisha nabonyeza kitufe. Usiipachike kwenye ncha kabisa ya paa, hewa ya pale hutuama. Shuka kama shibiri.

MamaLangoni
Ahsanteni. Leo jirani ameniazima yake. Nimeibonyeza chini ngazini, mimi nimeziba masikio, na mama kule juu hata hakugeuza shingo, aliendelea na tasbihi yake.

FundiTaa_Mkomani
Basi nunua mbili zinazoitana bila waya, moja ikilia na ya pili yalia. Moja iwe juu ya kitanda chake. Lakini kuta zetu ni nene, zijaribu humo humo nyumbani kabla hujalipa.

MamaLangoni
Mwenye duka amekubali nirudishe zisiposikizana. Kesho baada ya alasiri nazipandisha.