Tupeane uzoefu: filamu ya wachawi iliyokukumbusha ndugu yako

Kitindamimba: Juzi nimeirudia Practical Magic, ile ya 1998 ya Sandra Bullock na Nicole Kidman. Mliozoea wachawi wa kupaka masizi na kutoa macho, humu hawamo. Hawa wanalima mitishamba, wanakula keki asubuhi, na balaa lao ni moja: mwanamume akipendwa na binti wa ukoo ule, anakufa. Mdudu akianza kulia chini ya sakafu, mke ajue.

Mapenzi yamo, ila mimi kilichonikaba koo ni simu. Ni dada wawili: mdogo yuko mbali, anaishi na bwana anayempiga, anampigia simu dada yake, na dada anaenda. Nami niliishi na mtu mwenye mkono mwepesi. Usiku mmoja nikampigia dada Tanga, sikuweza kusema neno, nililia tu. Kapanda basi la kwanza. Mchana, huyo mlangoni kwangu Dar, kabeba begi tupu. "Tia nguo zako."

Haya, na nyie leteni.

Mtu wa Pangani: Pale wanapochana viganja wachanganye damu! Bibi aliita kuchanjiana. Tulijaribu na binamu yangu kwa wembe, darasa la nne, tukachapwa wote. Sasa yuko Muscat. Tukinuniana ananitumia picha ya kovu lake, bila maneno.

Mke wa Tatu Mdogo: Mama alizika waume wawili, mtaa mzima ukasema ana nuksi. Wa tatu akaambiwa, akajibu nguo ya harusi ameshalipia. Mwaka wa 19 huu, anakoroma tu.

Asiyenyamaza: Marekebisho kidogo: tafsiri inawaita wale wazee wawili waliowalea hao dada mashangazi. Laana inafuata wanawake wa ukoo na aliyekufa ni baba, kwa hiyo hao ni wa upande wa mama.

Nzengo: Mimi nilikuwa sitaki kuitazama. Kwetu Shinyanga neno "mchawi" si la mchezo, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu tu, na macho yenyewe ni moshi wa kupikia. Bibi yetu alianza kusemwa baada ya ng'ombe wa jirani kufa. Kaka akaja na pikipiki usiku, tukamfunga bibi kwa kanga mgongoni mwake asidondoke, hadi mjini. Sasa ile sehemu wanawake waliokuwa wakiwatukana wanaingia na mifagio yao kusaidia, nilisimamisha filamu. Bibi akauliza, "Hao wamekuja kufanya nini?" Nikamwambia kufagia.